Nafasi Tupu ya Ukurasa wa Tatu

Mlango uligongwa mara mbili, na Mhariri akamwambia Rula azime kompyuta. Hapo ndipo tulipoachana, nami wiki nzima sikupata raha. Mmoja wenu amenisimamisha kwenye foleni ya benki, anataka nimwambie palepale kama waliogonga ni polisi. Hawakuwa polisi. Polisi hawagongi wakasubiri, tena wakikohoa kwa adabu.

Aliyekuwa nje ni shemeji yake Mhariri.

"Hodi jamani. Mmejifungia mchana wote huu?"

"Karibu, shemeji," Mhariri alisema, akarudi kukaa bila kumpa mkono. Hakuwa na kinyongo naye. Miguu tu ilikuwa imechoka, na viatu alikuwa ameviacha chini ya meza tangu asubuhi.

Kwa wewe uliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nisikuache njiani. Mhariri wetu ni mjane. Anaendesha gazeti dogo la kila wiki liitwalo Kichochoro, aliloachiwa na mumewe. Shemeji huyu ni mdogo wake marehemu, na ni msemaji wa ofisi ya maji. Rula ni kijana anayepanga kurasa. Na vurugu zote zilizoukumba mji zimetokana na nafasi tupu, kubwa kama sahani, iliyotoka toleo lililopita kwenye ukurasa wa tatu.

Kichochoro lina desturi yake. Mkubwa akizuia habari, hawaweki tangazo mahali pake wala picha ya maua. Wanaacha pale peupe, bila neno. Wasomaji wamekwisha kuzoea. Wakiona peupe wanajua kuna mtu kazibwa mdomo, na hapo wanaanza kuulizana.

Taabu ni kwamba safari hii hakuna aliyezibwa mdomo. Pale palikuwa pa tangazo la magodoro. Mwenye duka alighairi mambo yakiwa yameshaiva, na Rula, aliyetakiwa ajaze ratiba ya mpira, akaenda kunywa chai akasahau. Kwa gazeti jingine lolote, kosa la namna hiyo lisingemsumbua mtu.

Haya, nenda ukaueleze mji. Walimu walisema pale palikuwa na habari ya mitihani iliyovuja. Wafanyabiashara wakaapa kwamba ni vibanda vya soko jipya. Watu wakachukua kalamu, wakaanza kuandika wenyewe ndani ya ile nafasi, kila mtu na dukuduku lake, kisha wakabandika ukurasa ukutani. Kuna mume mmoja aliyeamini kuwa ni habari yake, akaungama kwa mkewe kabla hajamaliza chai, na sasa analala kwa mama yake.

Rula naye kichwa kikavimba. Watu asiowajua walimpa mkono barabarani, naye akaupokea bila kuwaambia ukweli.

Mhariri alikuwa amechoka. Miaka yote hiyo ameandika ukweli kwa jasho, ametukanwa, amesimamishwa kizimbani, amehamishwa ofisi kama mpangaji mkorofi. Hakuna aliyempigia makofi. Leo anapigiwa makofi kwa godoro.

Sasa turudi kwa shemeji, maana bado amesimama.

"Kaa basi," Mhariri alimwambia.

Shemeji alitazama viti, akachagua kile chenye mkono uliovunjika, kiti cha kaka yake. Alikikalia nusu, kama mtu aliyekuja kwenye mahojiano ya kazi.

Rula alichungulia dirishani. "Naona leo umekuja na lile gari la ofisi, bosi. Taa ya nyuma bado imefungwa kwa plasta?"

"Limo kwenye foleni ya matengenezo," shemeji alijibu bila kucheka. Kisha akatoa karatasi kwenye bahasha, akaisukuma mezani. "Shemeji, mimi nimetumwa. Soma, utie sahihi, niondoke. Nimechoka na mambo haya."

"Umechoka wewe?"

"Basi tumechoka wote."

Mhariri alivaa miwani, akasoma. Taarifa ilikuwa fupi. Kwanza ilisema kwamba nafasi tupu ya ukurasa wa tatu lilikuwa kosa la ofisi ya gazeti, na hapakuwa na habari yoyote pale. Ikaendelea kusema kwamba hakuna mtu wala ofisi iliyowahi kulizuia Kichochoro kuandika chochote. Ikamaliza kwa ahadi kwamba gazeti halitaacha tena nafasi tupu, sababu iwayo yote.

Aliisoma tena. Mwanzo wake ulikuwa kweli tupu. Katikati palikuwa na uongo wa mchana kweupe. Na huo mwisho ulikuwa kitanzi.

"Nisipotia sahihi?"

"Kibali chenu kinaisha mwezi huu. Wamesema kipya kitachelewa. Unajua wanaposema kitachelewa wana maana gani." Shemeji aliinamisha kichwa. "Na huyu Rula watamwita akaeleze. Ndiye aliyepanga ukurasa."

Rula, aliyekuwa akitabasamu, aliacha.

Mhariri hakujibu. Wala hakuwa akipanga mbinu, msije mkamvika ujanja asiokuwa nao. Macho yalikuwa yakimuuma. Alivua miwani, akayafumba, akaweka vidole juu ya kope. Alitaka chumba kinyamaze kidogo tu.

Lakini shemeji ni mtu asiyeweza kuvumilia kimya. Tangu ujana wake, mkikaa naye mkanyamaza, atasema lolote ili mradi pasiwe kimya.

"Najua unachofikiri," alianza. "Unafikiri tunaficha. Hatufichi. Ni suala la muda tu, shemeji. Hata hayo mabomba, mkandarasi ameshaambiwa ayafukue."

Mhariri hakufumbua macho.

"Na si yote. Ni yale ya kwenda wodi ya wazazi tu. Ni kweli yalikuwa yametumika kwingine, yakapakwa rangi ya buluu yakaonekana mapya, sikatai. Lakini kutu si sumu. Wanachemsha. Matroni mwenyewe anachemsha. Sasa nyinyi mkiandika kwa pupa watu watakimbia hospitali, mtakuwa mmesaidia nini? Ndiyo maana mkubwa alishtuka alipoona ukurasa ule. Alisema, hawa wana habari ya mabomba. Alisema..."

Akanyamaza.

Mhariri alikuwa amefumbua macho, na uso wake ulikuwa na mshangao ambao hata mtoto angeusoma.

"Ulikuwa hujui," shemeji alisema polepole.

"Nilikuwa sijui."

"Pale palikuwa na nini?"

"Godoro."

Shemeji alimgeukia Rula. Rula akaitikia kwa kichwa, kwa aibu. "Tangazo. La futi sita kwa sita."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alijipangusa uso kwa kiganja, toka paji mpaka kidevu, akabaki ameshika tama kama mtu aliyefiwa. Mhariri alimwonea huruma ya kweli. Mumewe alipofariki, huyu ndiye aliyeshinda nao hospitali, ndiye aliyewapeleka watoto shule asubuhi wakati yeye hawezi kuinuka kitandani. Mtu huyo ndiye aliyekaa mbele yake sasa, amejinyonga kwa ulimi wake mwenyewe.

"Nimekuambia kama shemeji," alisema. "Sikuliambia gazeti."

"Hapa ni ofisini."

"Nimekaa kwenye kiti cha kaka yangu."

Mhariri alivaa tena miwani. Alichukua kalamu, akavuta ile taarifa. Maneno ya mwanzo, yaliyokiri kosa, aliyaacha. Yote yaliyofuata aliyakata kwa mstari mmoja mrefu, akatia sahihi chini ya kile kilichosalia.

"Hili ni kweli, na nitalichapa mwenyewe ukurasa wa kwanza. Hayo mengine waambie nimeshindwa."

"Watanifukuza, shemeji."

"Sitaandika ulichosema. Nikipata kwa njia nyingine, nimepata. Kwa mdomo wako, hapana."

Shemeji alikunja karatasi, akasimama. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaondoka bila kukisema.

Gari lilipokwisha kwenda, Rula ndiye aliyeanza.

"Mama, sijaelewa. Unataka kuwaambia watu kwamba lilikuwa godoro?"

"Ndiyo."

"Mji mzima uko upande wetu. Jana kinyozi amenishika mkono akasema, mwanangu, msinyamaze. Mzee wa watu, machozi yanamlenga. Nikamwambie lilikuwa godoro?"

"Ulimjibu nini?"

Rula aligeuza macho kuelekea kompyuta. "Nilimwambia hatutanyamaza."

"Kwa hiyo umemdanganya."

"Sikumdanganya. Nimemwacha na furaha yake."

"Rula," Mhariri alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ilikuwa imechakaa tu. "Hao wanaotaka kutufunga wamedanganya kwa miaka, na wana magari, wana ofisi, wana kila kitu. Sisi tuna ile nafasi nyeupe tu. Siku watu wakijua tunaweza kuiacha kwa kusahau tukanyamaza, siku hiyo na yenyewe imekwisha."

"Na tukisema ni kosa, mkubwa wa maji atacheka."

"Acheke. Nimechoka kuogopa vicheko."

Rula aliguna, lakini alivuta kiti. Akaandika kichwa cha habari alivyoambiwa, herufi kubwa, ukurasa wa mbele: NAFASI ILE ILIKUWA YA GODORO. Chini yake maelezo mafupi na kuomba radhi. Alipofika kwenye jina la aliyesahau, vidole vilisita.

"Weka jina langu," Mhariri alimwambia. "Gazeti ni langu."

Rula hakusema asante. Alipenga tu kamasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kisha Mhariri akainua simu akampigia matroni wa wodi ya wazazi. Hakutaja mabomba, wala ofisi ya maji, wala mdomo wa mtu. Alijitambulisha, akauliza swali ambalo mama yeyote aliyejifungua pale angeliuliza.

"Matroni, maji ya wodini kwenu yako salama?"

Upande wa pili palisikika kitoto kikilia, na mlango ukifungwa, na kilio kikafifia.

"Dada," matroni alisema, "nimekatazwa kujibu swali hilo."

"Na nani?"

"Na hilo pia nimekatazwa."

"Basi niambie unachoruhusiwa."

"Naruhusiwa kukuambia upige ofisi ya maji." Akatulia. Alikuwa na sauti ya mtu anayesimama tangu alfajiri. "Nachemsha maji tangu mvua zilipoanza, dada. Hilo hawakunikataza kulisema, nadhani kwa sababu hawakulifikiria. Kwaheri."

Mhariri alirudisha simu mahali pake. Alikuwa na habari, na hakuwa nayo. Ya shemeji aliahidi kutoitumia. Ya matroni haikutosha kujaza hata nusu ya safu. Lakini kitu kimoja alikuwa nacho bila shaka yoyote: mtu aliyezibwa mdomo.

"Rula, ukurasa wa tatu una nini?"

"Tangazo la magodoro. Mwenye duka amerudi, anasema biashara imechangamka."

"Lipeleke wa saba. Pale acha peupe."

Rula aligeuka taratibu. "Peupe tena?"

"Juu weka maneno 'Maji ya Wodi ya Wazazi'. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, andika: Nafasi hii si kosa."

Rula aliyachapa maneno hayo, akayasoma. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza siku hiyo, na hata Mhariri mdomo ulimcheza. Ndugu msomaji, nawe cheka sasa, maana nafasi yenyewe ni ndogo.

Kurasa zilikuwa tayari jua likielekea kuzama. Mwenye mtambo wa kuchapa alikwisha kupiga simu kuuliza kama leo wanalala au wanafanya kazi. Rula alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kutuma.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

Shemeji aliingia, tai mkononi, shati limetoka nje ya suruali. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kaka yake, na safari hii akakikalia chote.

"Wamenifukuza," alisema.

Mhariri alisimama. Alivizunguka viatu vyake, akaja pekupeku mpaka karibu naye. "Pole, shemeji. Pole sana."

"Walipoona ulivyokata ile karatasi, mkubwa aliniuliza nilikwambia nini. Nikasema sikukwambia kitu. Akaniambia niache funguo mezani." Aliinua uso. "Basi sasa hakuna ninachokilinda. Ile ahadi yako nakurudishia. Kaa uandike."

"Shemeji, pumzika kwanza."

"Kaa uandike, nakwambia. Hiyo nafasi yako inaingia maneno mangapi?"

Rula aliondoa kidole kwenye kitufe, akafungua ukurasa wa tatu. Mhariri alivaa miwani. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa mwandishi mgeni, na alishangaa kwamba bado una nguvu hizo.

Shemeji alianza kusema. Alitaja kampuni ya mkandarasi. Alitaja mabomba yalikofukuliwa na yalikopakwa rangi. Alikwenda kwa mpango, jambo baada ya jambo, bila kurudi nyuma, bila kujikwaa.

"Na watoto wachanga wawili wamekufa kwa ajili ya maji hayo," alimalizia. "Andika hilo juu kabisa. Hilo ndilo lenyewe."

Kalamu ya Mhariri ilisimama.

"Mchana hukusema habari ya watoto."

"Mchana nilikuwa na kazi ya kulinda."

Ilikuwa ni sababu nzuri. Mhariri aliitafuta kasoro asiione. Wewe ungeandika, nami ningeandika. Lakini alimkumbuka matroni: mwanamke aliyepata upenyo wa kusema kwamba anachemsha maji, je, angekosa upenyo wa kumdokezea vifo? Na akafikiri pia lingine. Habari ya mabomba ingemuudhi mkubwa, basi. Habari ya vifo vya watoto, ikiwa ya uongo, ingelizika Kichochoro kwa siku moja, kwa haki kabisa, na mji mzima ungesaidia kushika koleo. Na ukurasa wa mbele wa toleo hilohilo ungekuwa unakiri kosa jingine.

Tena kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kilichokuwa kikimkereketa. Shemeji alikuwa amenyamaza. Amekaa, anamtazama, anangoja, na kimya hakimsumbui hata kidogo.

Simu ya mwenye mtambo ikaanza kuita. Hakuna aliyeipokea.

Rula aliinuka kwenda kufunga dirisha, maana upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi. Akasimama pale, mkono kwenye komeo, muda mrefu kuliko dirisha lilivyohitaji. Kisha akarudi, akapita nyuma ya Mhariri kama anayetafuta kalamu, akamwinamia sikioni.

"Mama," alinong'ona. "Kule mwisho wa kichochoro kuna gari. Injini inanguruma. Taa ya nyuma imefungwa kwa plasta."

Mhariri hakugeuza kichwa. Alimtazama mdogo wa mumewe, yule aliyewafunga watoto wake kamba za viatu asubuhi zile ngumu, na akatamani, kwa uchovu wake wote, asilazimike kuuliza.

Akauliza.

"Pole na safari, shemeji. Umekujaje kutoka huko?"

"Kwa miguu," shemeji alisema, akajipangusa jasho kwenye uso uliokuwa mkavu.